Toa Sauti, Dada

Ukumbi wa mazoezi ulinuka soksi. Msomaji wa taarifa ya habari redioni aliingia humo mara tatu kwa wiki kwa amri ya daktari wa presha, na kila mara kinyaa kilimpanda kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Mabenchi yalilowa jasho la watu asiowajua. Wanaume walivuta makohozi, wakatema ndani ya pipa la takataka, kisha wakarudi kunyanyua vyuma huku wakinguruma.

Kunguruma huko ndiko kulikomtisha. Miaka kumi na tisa sasa sauti yake ndiyo iliyomweka mjini, na daktari wa koo alishamwonya: "Mama, usibane pumzi ukinyanyua. Usigune, usipige kelele. Pumua taratibu, kunywa maji." Basi akawa ananyanyua kimya, midomo ameichongoa kama anayepoza chai.

Kocha, ambaye wote walimwita Nyundo, hakuuvumilia ukimya huo.

"Toa sauti, dada! Misuli imelala hiyo!"

"Kutoa sauti ni kama kutoa jino," alimjibu siku moja. "Ikitoka imetoka."

Nyundo alicheka hadi fizi zikaonekana, akawatangazia wenzake kwamba huyu ni bubu wa redio. Jina likamganda.

Alhamisi moja alikuwa amelala chali benchini, chuma juu ya kifua, Nyundo amemwinamia akihesabu kwa kupayuka. Tone la jasho likaning'inia kidevuni mwa kocha. Aliliona, lakini hakuwa na mkono wa kujikinga. Likamdondokea mdomoni, la vuguvugu, la chumvi.

Akapiga yowe. Lilibeba kinyaa chote cha miezi miwili, na katikati yake akasikia kitu kikichanika kooni. Nyundo akadaka chuma. Watu wakapiga makofi.

Alisukutua mdomo bombani mara saba. Ilikuwa saa tisa u nusu, na saa kumi na mbili alitakiwa kuwa mbele ya kipaza sauti. Akajaribu maneno yake ya kila jioni: "Hii ni taarifa ya habari." Ukatoka upepo. Akarudia, ukatoka upepo uleule, na sasa akalichukia hata koo lake mwenyewe.

Nyundo akaja na taulo lake bichi, akamgonga begani.

"Hongera, dada. Leo umetoa sauti."

Akafungua mdomo ampashe. Hakuwa nayo.