Miche Yangu Iliyomwagwa Mbele ya Wakwe

Wacheni kucheka kwanza. Najua habari hii mlishaisikia huko sokoni Lurambi, na najua ile mliyosikia inasema Mama Dennis wa kanisani alishikwa na chang'aa, ile pombe haramu, siku ya wageni, na ndiyo maana nataka niisimulie mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa sababu aibu ni yangu na hasira pia ni yangu.

Ilianza na baridi ya Julai. Mnajua vile Julai ya hapa kwetu inakuwanga: asubuhi ukungu, mchana jua la kudanganya, jioni mvua, na mvua yenyewe ikikasirika inakuja na mawe. Kila mwaka nikitengeneza kitalu cha kabichi na vitunguu mawe yanaponda kila kitu, halafu wenzangu wakianza kupanda mimi nazunguka kwa watu naomba miche kama mtu asiye na mikono. Basi mwaka huu nikaona kwenye simu video ya mama mmoja wa nchi za theluji (theluji, jameni, si hiki kibaridi chetu) anapanda mbegu nje katikati ya baridi, ndani ya ile mitungi ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani. Anaukata mtungi katikati, anautoboa matundu chini, anaweka udongo, anapanda, anaufunga tena kwa selotepu na kuuacha nje. Theluji inaanguka juu yake, mbegu hata hazina habari. Nikasema, kama theluji imeshindwa, mvua ya mawe ya Kakamega ni nani?

Sasa mitungi nitoe wapi. Dukani ipo mipya, lakini nikaona ni ujinga kununua kitu kipya ili nikikate, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nikashuka mpaka kwa Mama Sifa, yule anayekaa chini karibu na mto, ambaye kila mtu anajua anapika nini (mimi sitasema, lakini si uji). Alikuwa na rundo la mitungi nyuma ya jikoni.

"Chukua tu, dada yangu," akaniambia. "Mimi hii imenijaa hapa, hata sina pa kukanyaga."

Nikachukua. Nikafunga kwa kamba nyuma ya bodaboda, nikapita nayo katikati ya soko mchana kweupe, na mimi hapo juu nasalimia watu kama mheshimiwa. Nilipofika nyumbani niliiosha kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, nikanusa, nikaona iko sawa. Nikakata, nikajaza udongo na mbolea ya ng'ombe, nikapanda kabichi, vitunguu, nyanya na pilipili hoho, nikaipanga nyuma ya nyumba kando ya ua wa michongoma. Jioni mvua ikitishia nafunika na turubai, asubuhi nafunua.

Na zikaota! Nisikilizeni, ziliota vizuri. Mawe yalianguka wiki ile yakavunja hata majani ya migomba, lakini ndani ya mitungi miche ilisimama kijani kibichi, na matone ya maji yameshika juu kama jasho. Kila asubuhi nilikuwa nainama, naweka uso kwenye mdomo wa mtungi mmoja mmoja kuangalia kama udongo umekauka. Ni kweli mchana jua likichoma plastiki ilikuwa inatoa kaharufu fulani. Kadogo tu. Mimi nilishakazoea.

Mama Rose, jirani yangu wa upande wa michongoma, hakukazoea. Siku moja akachungulia.

"Mama Dennis, siku hizi unaficha nini huko nyuma?"

Ningemjibu tu kwamba ni miche, yangeisha. Lakini mimi huyu na kiburi changu nilitaka siku ya kupanda nimtokee na miche ya kumfunga mdomo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ananinyima yake kila mwaka. Nikamwambia, "Ni mambo yangu tu. Utaona."

Kumbe wa kuona ni mimi.

Jumamosi hiyo tulikuwa na wageni, na si wageni wa kucheza nao. Dennis, mtoto wangu wa kwanza, alitaka kuoa msichana wa Musanda anaitwa Linet, na wazazi wa Linet walikuwa wanakuja kuona boma. Baba yake ni mzee wa kanisa, mkulima wa miwa, mtu wa maneno machache, na Dennis alikuwa ameshanionya, "Mama, mbele ya huyo mzee pombe usiitaje hata kwa mzaha. Mdogo wake alipofuka kwa chang'aa." Nikamwambia asinifundishe, mimi ndiye mwenyekiti wa kina mama kanisani, pombe naijulia wapi?

Wakaja, wamependeza. Tukawakalisha chini ya hema, obusuma, ugali wetu, iko tayari, ingokho, kuku wa wageni, inanukia mpaka barabarani, na baba Linet amesimama, ameinamisha kichwa, anaombea chakula. Hata amina hajaifikia, naibu wa chifu akaingia na askari wawili, na nyuma yao Mama Rose na nusu ya kijiji, wote wamekunja mikono kama watu waliokuja kuangalia mpira.

"Hamjambo. Samahanini na wageni," naibu akasema, na sauti yake haikuwa na samahani hata ya dawa. "Mama, tuna habari kwamba unauza chang'aa hapa. Iko nyuma ya nyumba."

Mimi! Nikatafuta pa kuangalia, macho yakaangukia baba Linet, na uso wa yule mzee ulikuwa umefungwa kama duka.

"Ni miche," nikasema. "Nimepanda kabichi kwa mitungi."

"Kabichi kwa mitungi?" Askari mmoja akacheka. "Na sukuma wiki umepanda kwa sufuria?"

Watu wakaangua kicheko. Wakaenda nyuma, na wageni wakafuata, kwa sababu nani atabaki kwa hema na mambo yako huku? Askari akavuta turubai (nilikuwa nimefunika kwa sababu ya wageni, niliona aibu watu wazima kuona matakataka), akashika mtungi wa kwanza, akaupindua. Udongo ukatoka, na vitunguu vyangu vidogo, vyembamba kama nywele, vikalala chini. Akapindua wa pili. Kabichi. Wa tatu, nyanya. Nikapiga kelele, "Si umeona ni miche? Unaendelea kumwaga nini?" Akasema lazima wahakikishe yote. Wakamwaga yote, jamani! Yote! Na kwa buti zao wakakanyaga juu, huku wakitafuta kitu ambacho hata mtoto angeona hakipo.

Naibu akaokota mtungi mtupu, akaingiza pua ndani mara moja tu.

"Lakini inanuka," akasema. "Hii ni ile ya kule mtoni. Ile ya Mama Sifa."

Hapo damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasahau wakwe, nikasahau kanisa.

"Na wewe umejuaje ni ya Mama Sifa?" nikamuuliza. "Mimi nimeosha hiyo mitungi kwa mikono yangu na sijui harufu ya nani ni ipi. Wewe umenusa mara moja umetaja mpaka mwenyewe!"

Kijiji kililia kwa kicheko. Hata askari aligeuka akaangalia michongoma. Naibu akautupa mtungi, akasema kesi imefungwa, wakaondoka hivyo hivyo, hakuna pole, hakuna hata "tumekosea, mama". Mama Rose naye akajipenyeza katikati ya watu akaenda zake.

Lakini mimi nilikuwa nimeshinda kwa naibu na kushindwa kwa wakwe. Baba Linet alivaa kofia yake.

"Mama," akasema polepole, "mimi nimeona ni miche. Lakini mtu akitaka mtungi, anaenda nyumba ile kufanya nini?"

Nikaeleza, nikaeleza tena, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mlevi anayekataa. Wakapanda gari. Chakula hawakukigusa. Linet alilia, na Dennis akanigeukia mbele ya shangazi zake akasema, "Mama, na wewe na mambo yako ya simu!" Mume wangu? Alikuwa jikoni, anacheka mpaka ameshika ukuta. Huyo sijamalizana naye bado.

Sitawadanganya kwamba yaliishia hapo. Pasta alienda Musanda akatuombea msamaha, na baada ya majuma kadhaa wakarudi, wakala, mambo ya harusi yanaendelea. Ila baba Linet aliposhuka kwenye gari, kabla hata ya kuketi, alizunguka nyuma ya nyumba, mikono mgongoni, akaangalia chini ya michongoma, ndipo akaja kunisalimia. Mimi nikatabasamu. Meno yaliniuma kwa kutabasamu.

Na juzi, mnajua nani alinipigia hodi? Mama Rose. Amebeba mitungi miwili mipya ya dukani. "Dada, ile kitu yako inaotesha kweli. Nilionanga zile vitunguu kabla wamwage. Si unifundishe?"

Nilimfungia mlango. Sikuupiga kwa nguvu, niliufunga tu taratibu mpaka ukakaza.

Basi mimi nimejifunza: ukipewa chombo cha bure usiulize kama kimetoboka, uliza kimetoka nyumba gani, na jirani akikuuliza unafanya nini, mjibu papo hapo, kiburi kitafute siku nyingine. Na mtungi wa mtu mimi sigusi tena, hata wa mafuta ya kupikia. Kanisani wananiambia nisamehe, mwenyekiti ni mfano kwa wengine. Nitasamehe. Mimi ni Mkristo, nitasamehe. Lakini si mwaka huu.