Mfungo wa Nzige

Nilijisomea Maandiko peke yangu, nikataka kuyafuata bila kukosea hata nukta. Manabii wa Kiyahudi, nzige walipovamia nchi, waliandika kwamba watu wafunge na kulia. Basi barua ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, iliposema nzige wamefika Biharamulo, nikautangazia usharika wetu wa Muleba mfungo wa siku tatu. Mchungaji akaja kutoka Bukoba kupima kama ninafaa kuwa mwinjilisti.

Siku ya pili wakaanguka nsenene, panzi watamu kuliko nyama. Nikajifungia jikoni na kikaango.

Jioni hiyo kanisani, mbele ya mchungaji, nikauliza kwa ukali nani amevunja mfungo. Bibi mmoja akainuka.

“Mwalimu, sisi wanawake mila imetukataza nsenene tangu kuzaliwa. Wewe siku mbili zimekushinda? Tena kunyonyoa hujui, bawa limekubakia mdomoni.”