Mama Shiro Alinisindikiza Mochari

Jumamosi ya mwisho kabla mambo hayajaharibika, mimi na Mama Shiro tulikuwa tunaosha mabenchi ya kanisa. Kanisa letu lilikuwa la mabati, pale mtaani Huruma, upande unaoteremka kwenda mtoni, na vumbi la wiki nzima lilikuwa limepata njia ya kuingia. Mama Shiro alijifunga leso kiunoni, akasugua kwa nguvu huku akilalamika kwamba washirika hutafuna miwa wakati wa mahubiri na kuficha makapi chini ya benchi.

"Hawa watafika mbinguni wakitafuna," alisema. "Malaika watafagia mpaka wachoke."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye sakafu yenye maji.

Yeye alikuwa mtu wa Murang'a, mimi nimezaliwa Vihiga; makabila yetu yalikuwa tofauti. Aliuza mitumba soko la Gikomba na alikaa nyuma ya kanisa, chumba kimoja, pamoja na mama yake mzazi ambaye miguu yake ilikuwa imekufa. Sote tulimwita Shosho, yaani bibi kwa lugha yao. Shiro mwenyewe, binti aliyempa mama yake jina, alikuwa anasoma shule ya bweni huko kwao. Kila Alhamisi mimi na Mama Shiro tulifunga na kuomba pamoja, tumeketi kwenye kitanda cha Shosho kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Mume wangu, Jairus, alifanya kazi katika kiwanda cha sufuria Industrial Area, na Jumapili aliongoza kwaya. Mdogo wake, Enos, alikaa mtaa wa Mukuru kwa Reuben akitafuta vibarua kwenye malango ya viwanda. Wiki ambazo hakupata kitu alikuja kula kwetu, na sisi tukiwa hatuna, alivuka uchochoro akaenda kula kwa Mama Shiro. Shosho alimpenda Enos. Alimwita mwanangu.

Ugomvi ulianza na kodi ya nyumba. Wenye nyumba wengi walikuwa watu wa upande mmoja wa nchi na wapangaji wengi walikuwa wa upande mwingine, na wanasiasa walikuja na maneno yao, wakasema, wakapanda magari yao wakaondoka. Baada ya muda mfupi hakuna aliyezungumza tena habari ya kodi. Watu walisema tu "wale." Wale wamechoma kibanda. Wale wamemkata mtu karibu na daraja. Jumapili moja niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kanisani kwetu: watu wamekaa upande huu na upande ule, na njia katikati. Mama Shiro alivuka njia hiyo akaja kukaa karibu nami, akamchukua mtoto wangu mdogo, Timo, akamweka mapajani. Pasta alihubiri kwamba sisi ni mwili mmoja. Niliitikia amina kwa sauti.

Jumanne iliyofuata Jairus hakwenda kazini kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe na magurudumu yanayoungua. Saa sita mchana nilikuwa napika sukuma. Tukasikia mabati yanapigwa, kwanza mbali, halafu karibu, ploti baada ya ploti. Jairus alichungulia dirishani. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Chukua watoto," alisema. "Twende kanisani."

Nilimfunga Timo mgongoni. Yeye alimbeba Ebby, binti yetu, aliyekuwa na miaka sita. Tulipita uchochoroni tukiwa tumeinama. Nyuma yetu mtu alikuwa anapiga kelele, kisha akanyamaza.

Lango la kanisa lilikuwa la chuma. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo.

Jairus aligonga.

"Pasta, ni sisi. Ni Jairus na Rhoda. Fungua."

Pasta alikuwa mtu wa kwetu Vihiga. Ndiye aliyetufungisha ndoa. Alijibu kwa lugha yetu, karibu sana, nadhani alikuwa amesimama akishika lango kwa mkono.

"Jairus, nikiwafungulia watalichoma. Kuna watu humu ndani."

"Basi chukua watoto tu. Nawarusha juu ya ukuta, wapokee."

Jairus aligonga tena.

"Pasta."

"Nawaombea," alisema Pasta.

Nilisikia hatua zake zikienda.

Hapo ndipo Mama Shiro alipotuita. Alikuwa amefungua mlango wake kidogo, anatuashiria kwa mkono. "Mama Ebby! Haraka!"

Nilikimbia. Mlangoni niligeuka nikaona Jairus hakunifuata. Alimtua Ebby, akamsukuma kwangu.

"Ingia nao," alisema. "Mwanamke na watoto anaweza kuwaficha. Wakinikuta mimi humo watamchoma na yeye."

"Jairus."

"Ingia, Rhoda."

Mama Shiro alitaka kusema kitu. Jairus akamwambia, "Asante, mama," akaondoka akielekea kule kule langoni, akitembea, hakukimbia.

Ndani, Mama Shiro alinisukuma nyuma ya marobota ya mitumba pamoja na Ebby, akatumwagia makoti na mablanketi. Shosho alinyoosha mikono kitandani. Akamchukua Timo, akamlaza kifuani pake na kujifunika naye.

Mlango ulipigwa teke.

Niliona viatu tu. Raba nyeupe, zimelowa.

"Shosho, kuna mtu umeficha hapa?" sauti ya kijana.

Timo alilia.

Shosho alimjibu kijana kwa lugha yao. Sikuelewa maneno yote, lakini neno mjukuu nililijua. Halafu alimkemea, kwa ukali, kama mtoto aliyeingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Kijana alisimama kidogo. Raba zikageuka.

Kisha nikasikia lango la kanisa. Kitu kilikuwa kinagongwa juu yake. Nikamsikia Jairus.

Hayo mengine sitayaandika. Ebby alikuwa mikononi mwangu na nilimziba masikio.

Askari walifika jua linapopungua nguvu, wakarusha moshi wa kutoa machozi hata kwa watu ambao hawakuwa na lolote. Lango la kanisa lilifunguliwa. Wale waliokuwa ndani walitoka wazima, na walilazimika kupita kando ya mwili wa Jairus ili watoke. Baadhi yao walikuwa wanakwaya wake. Lori la polisi lilimchukua pamoja na wengine.

Asubuhi nilivaa kwenda mochari. Nilikuwa sijalala na nilikuwa nimevaa blauzi nje ndani. Mama Shiro aliivua akanivalisha vizuri.

"Utaenda peke yako?" aliniuliza.

"Shosho atabaki na nani?"

"Askari wako barabarani. Leo kumetulia. Shosho mwenyewe amesema niende na wewe."

Ni kweli, Shosho alisema hivyo. Alisema mtu hatazami maiti ya mume wake bila mtu wa kumshika mkono. Mama Shiro alimwekea uji na maji karibu na kitanda, akamfunga Timo mgongoni mwake yeye, nami nikamshika Ebby. Tukaenda.

Tulisubiri muda mrefu. Watu walikuwa wengi. Walipofunua shuka, nilimtambua kwa mikono, kwa makovu ya moto wa kiwandani. Mama Shiro alinishika. Alikuwa anaomba kwa sauti ya chini na sikumzuia, ingawa kila neno liliniuma.

Tuliporudi tuliona moshi kutoka mbali.

Mama Shiro alikaza leso ya Timo. Aliongeza mwendo, kisha akaanza kukimbia na mtoto wangu mgongoni.

Mstari mzima wa vyumba nyuma ya kanisa ulikuwa chini. Mabati yalikuwa mekundu bado. Vijana wa kwetu walikuwa wamekuja kutoka Mukuru kulipiza. Wengi wao sikuwajua. Mmoja nilimjua. Enos alikuwa amesimama kando ya ukuta, ana panga mkononi, macho yamevimba kwa kulia.

"Shemeji," aliniambia, "tumemlipia kaka."

Nilimwuliza, "Shosho yuko wapi?"

Alitazama yale mabati.

"Enos. Shosho hawezi kutembea. Yuko wapi?"

"Nilidhani wamemhamisha. Wote walikuwa wamehama."

"Nani aliwaonyesha nyumba za kuchoma?"

Alitazama chini. Yeye ndiye aliyeujua uchochoro ule. Hao wengine walikuwa wageni.

"Ndiye aliyemficha Timo," nilimwambia. "Jana. Alimlaza kifuani pake."

"Ningejuaje?" Enos alipaza sauti. "Ulikuwa wapi useme?"

Nilikuwa mochari, na binti wa Shosho alikuwa amenishika mkono.

Mama Shiro alisimama mbele ya mahali palipokuwa mlango wake. Hakupiga mayowe. Alifungua leso polepole, akamshusha Timo, akanipa. Kisha akaenda akakaa kwenye jiwe, akiwa amenipa mgongo, na nilipomkaribia aliinua mkono, nisije.

Baada ya mazishi yote, Pasta aliandaa ibada ya upatanisho. Wageni wakubwa walikuja na magari, wakaketi mbele kwenye viti vya plastiki. Pasta aliniita nisimame. Alitaka niseme kwamba nimesamehe. Alikuwa amenieleza siku moja kabla, kwa upole, kwamba ushuhuda wa mjane ungewagusa watu.

Nilisimama. Nilitazama lango kupitia mlango. Walikuwa wamelipaka rangi mpya.

"Jairus aliomba watoto wapokelewe," nilisema. "Watoto tu. Hilo ndilo ninalolijua kwa hakika."

Nikaketi. Mtu mmoja akaanzisha pambio haraka, watu wakapiga makofi. Sikurudi pale. Pasta aliishi miaka mingi na alizikwa kwa heshima. Hakuwahi kuja kwangu.

Nilimtafuta Mama Shiro nikamkuta mtaa wa Shauri Moyo, kwa dada yake. Nilibeba unga na sukari. Alinikaribisha nje, kwenye ngazi, hakunialika ndani.

"Sikuja kukuomba kitu," nilisema. "Nimekuja kusema pole."

"Pole ya nani, Mama Ebby? Yako au ya Enos?"

Niliweka unga na sukari kwenye ngazi.

"Najua si wewe," alisema. "Nikiomba namwambia Mungu najua si wewe. Lakini nikikuona, naona niliacha mama yangu nikaenda kukushika mkono." Alipangusa ngazi kwa kiganja ingawa haikuwa chafu. "Unaomba bado?"

"Naomba. Sijui kama ni maombi. Namwita tu, nanyamaza."

"Mimi namgombeza," alisema. "Kila asubuhi. Sijaacha kwenda kanisani, ila namgombeza."

Enos aliokoka baada ya miaka kadhaa. Anahubiri sasa, ana kipaza sauti na suti, na ana sauti nzuri kama ya kaka yake. Alikuja kwangu kunieleza.

"Damu imeniosha, shemeji. Mungu amenisamehe."

"Nimefurahi," nilimwambia. "Mama Shiro umemwambia?"

"Hayo ni ya zamani. Mtu akiwa ndani ya Kristo ni kiumbe kipya."

"Shosho alikuwa anakuita mwanangu."

Alimaliza chai yake akaaga. Hatujazungumza tena juu ya jambo hilo. Yeye analala vizuri, mke wake ameniambia.

Watu hushangaa kwamba bado naamini. Siwezi kusema Mungu alituokoa, maana nikisema hivyo lazima niseme pia kwamba Jairus na Shosho aliwaacha, na sitaki kulisema hilo mbele za watoto. Wahubiri wana majibu, nimeyasikia yote, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulisema nikiwa nimesimama kwenye lile jivu. Ninachojua ni kwamba siku ile niliona imani mara mbili kwa macho yangu: mwanamume aliyekataa kuingia mlangoni, na mwanamke mzee aliyejifunika na mtoto asiye wake. Wote wawili wamekufa. Waliofunga lango na waliowasha moto wamezeeka. Imani yangu iko hapo katikati, na ni chungu, na sijapata nyingine.

Mama Shiro bado yuko Gikomba. Nikipita pale kwake ananisalimu kwa jina langu la zamani, Mama Ebby, anawaulizia watoto mmoja mmoja, Ebby vipi, Timo vipi, halafu anamgeukia mteja. Huwa nachagua nguo, naishika, naigeuza, naulizia kama kuna saizi kubwa. Sina haja nayo. Naulizia ili nisimame pale kidogo zaidi.