Mwacheni, Yuko Kazini

Nianze na aibu yenyewe, maana ukiiweka mwisho unaikuta imenenepa. Siku babangu alipotaka kusikia sauti yangu kabla ya kupasuliwa kichwa, mimi nilikuwa Hispania, ndani ya korongo la mto, juu ya baiskeli, nimevaa kaptula ya kubana yenye kigodoro matakoni, namwambia mwenzangu anipige picha nyingine kwa simu yake kwa sababu ile ya kwanza ilionyesha kitambi.

Simu yangu ilikuwa imezimwa. Niliizima mwenyewe.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Minneapolis. Shule niliiachia kidato cha pili. Hesabu zilinikimbia au mimi nilizikimbia, sikumbuki nani alianza. Ufundi niliupata nyumbani Malindi, kwa sababu mzee alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli, sanduku la mbao nyuma, na baiskeli ile ilikuwa haimalizi wiki bila kutaka kitu. Nikishika spana ananiambia, "Mimi napiga pedeli ili wewe usipige." Basi mtoto wake akapanda ndege, akavuka bahari, akafika Amerika, na mpaka leo ana grisi ya mnyororo kwenye kucha. Kwenye simu nilimwambia nafanya kazi ya mitambo. Si uongo sana. Baiskeli ukiitazama kwa heshima ni mtambo.

Naye kwenye simu alikuwa hakupi nafasi. Unaanza, "Baba, juzi nilikuwa...", ameshakukata, yuko kwenye bei ya unga, mguu wake, jirani aliyejenga ukuta ukaingia kwetu. Nilikuwa namlalamikia mwenzangu kazini kwamba tangu nizaliwe sijamaliza sentensi mbele ya yule mzee. Mara nyingine namdanganya bosi anakuja, nakata.

Mwenzangu huyo ni Mkongomani wa Uvira. Meza yetu ya kazi ni moja, na chakula cha mchana tunakula pamoja: wali wangu, sombe yake, kisamvu cha kwao. Bosi wetu, mama wa Kizungu mwenye mvi anayepanda milima kama mbuzi, kila mwaka hupeleka wateja Hispania kuendesha baiskeli kwenye makorongo na vijiji vya kale. Mwaka jana akasema safari hii na sisi wawili twende, si kutengeneza, ni kuendesha tu, kwa kuwa tumezibia hao wateja pancha vya kutosha.

Hapo ndipo tulipotofautiana mila. Mwenzangu alilitangazia kanisa zima huko Saint Paul. Wakamsimamisha mbele, wakamwekea mikono, akaimbiwa. Mimi nyumbani Columbia Heights nilifunga dirisha kwanza, halafu nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini. Kwetu safari haitangazwi mpaka umerudi, watu wana macho. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia. Sababu yenyewe ilikuwa mzee. Ningemwambia nini? Kwamba naenda kupanda ndege ili nikapige pedeli, tena kwa raha?

Kwa hiyo mke wangu alipewa maneno. Yeyote akipiga, niko kazini, shifti zimeongezwa, ndani hawaruhusu simu. Na simu niliizima tangu usiku wa kwanza, kwa sababu dada yangu mkubwa huko Malindi anasoma saa ya mwisho uliyoonekana wotsapu kama karani wa mahakama. Angeona niko macho saa ambayo Minneapolis wanakoroma, angeuliza. Nilikuwa naiwasha jioni mara moja, namtumia mke wangu picha, nazima.

Nisidanganye, kulikuwa kuzuri. Barabara inakata mwamba, ukuta wa jiwe upande huu mwekundu, upande ule umechakaa kama mkate uliotafunwa na panya, na mto uko chini kabisa, kijani, huusikii mpaka uache kupiga pedeli. Tai wanazunguka juu, wakubwa, mwenzangu akasema wananitazama mimi maana ndiye niliyechoka zaidi. Halafu kona moja, kijiji. Nyumba za mawe zimeshikana, njia nyembamba kiasi hendeli inagusa ukuta, milango ya mbao yenye misumari mikubwa. Nilijiona Lamu iliyopandishwa mlimani. Kulikuwa na mnara wa kanisa ambao bosi alisema zamani za kale ulikuwa wa msikiti, nikausalimia kimyakimya, mtu wa nyumbani. Watu ni wazee watupu. Vijana wote wamekwenda mijini, sijui kama nao wanapiga simu.

Siku ya tatu tuliingia kijiji kama hicho, alasiri, jua kali, maduka yamefungwa, nikakaa kwenye ukingo wa chemchemi na kuwasha simu ili mwenzangu anirushie ile picha ya pili, isiyo na kitambi, niitume. Ikaanza kutetemeka mkononi. Ikatetemeka mpaka mwenzangu akaniuliza nimeshika nini.

Ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya mke wangu, sauti, yuko ndani ya gari anatoka shifti ya usiku Golden Valley. "Baba watoto, washa simu. Washa simu, nakuomba. Mzee anakutaka."

Za dada zilikuwa nyingi, nikazisikiliza kwa mpangilio. Mzee aliteleza chooni alfajiri. Amelalamika kichwa. Wamempeleka Mombasa. Madaktari wanasema damu imevuja ndani, lazima wafungue. Anazungumza, lakini polepole. Amesema kabla hajaingia anataka kila mtoto wake, mmoja mmoja, awape radhi na yeye wamwie radhi. Watatu wako pale pale. Wa Doha amepigiwa, wameongea, wamelia. Umebaki wewe. Uko wapi. Wifi anasema uko kazini, hawaruhusu simu. Kazi gani hiyo.

Ya mwisho ilikuwa fupi. Dada alikuwa amebonyeza kurekodi, anazungumza nami, ananiambia wamekuja na kitanda cha kumsukuma, na nyuma yake ikaingia sauti ya mzee. Nzito, maneno yanakokotwa, lakini yeye kabisa, anamkata dada kama kawaida yake. "Kama yuko kazini mwacheni. Kazi ni ibada. Mwambieni nime..." Halafu magurudumu, na ikakatika.

Nilitazama saa ya ujumbe ule. Halafu nikatazama saa ya picha kwenye simu ya mwenzangu. Sijui kwa nini nilitazama, hakuna aliyeniambia nitazame. Picha ilitangulia kwa dakika nne.

Nikapiga. Dada akasema ameshaingia, sasa ni kuomba dua tu, akaniuliza kama wamenipa ruhusa ya kutoka. Nikasema ndiyo. Nimekaa chini ya jua la Hispania na kofia ya plastiki kichwani, nasema ndiyo, wamenipa dakika tano.

Kwenye benchi palikuwa na wazee watatu. Hawakujua Kiingereza wala mimi Kispanyola, lakini walinitazama, na mmoja akasogea akaniachia nafasi. Mwenzangu akashika baiskeli zote mbili. Hatukuwa na namna nyingine ya kutoka pale ila kwa miguu yetu, na hoteli ilikuwa juu, nje ya korongo. Nikapanda ule mlima nalia, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikafika juu wa kwanza. Bosi akafika nyuma yangu, akapiga makofi. Akasema amejua siku zote ninayo miguu.

Mzee alitoka hai. Alhamdulillahi. Sauti haikutoka naye. Madaktari wanasema huenda itarudi, huenda isirudi. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, anatazama tu. Mara ya kwanza dada alipomwelekezea kamera, mimi nimesharudi Minneapolis, alinitazama mpaka nikajifanya mtandao unasumbua.

Ningekuwa naishi na dhambi yangu peke yangu, afadhali. Lakini dada alisimulia. Alikwenda nayo Malindi nzima: baba mgonjwa mahututi, mtoto hawezi kuacha mashine, na baba mwenyewe akasema kazi ni ibada. Kisa kikavuka bahari kikanifikia hapa. Msikitini mzee mmoja wa Mombasa akanishika bega mbele ya wanawe, akawaambia mnamwona huyu. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Mke wangu hajawahi kunilaumu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu uongo ule aliusema yeye kwa mdomo wake, akiwa barabarani, akilia, kwa kuwa mimi nilimwagiza.

Wiki zikaenda nikawa sipigi. Natuma ujumbe: mwambieni baba namsalimia, niko shifti. Safari hii kweli niko shifti, na hakuna anayejua tofauti. Sauti ile ya mwisho bado ninayo. Naisikiliza chooni kazini, nafika kwenye "mwambieni nime", inakatika. Nimemwia radhi? Nimechoka? Nimejua yuko wapi? Kwa mzee yule lolote linawezekana.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye meza yetu, mimi nanyoosha ringi iliyopinda, mwenzangu anakula. Nikamwambia yote, hata ile ya kusikiliza chooni. Nikamwambia nataka kumweleza mzee ukweli, nilikokuwa, nilichovaa, na nimwombe radhi nikiwa nayastahili matusi yake, lakini ataitikaje na hana sauti? Nitajuaje kama amenisamehe? Nikatia mzaha, nikasema labda nimtumie ile picha, kitambi kitajieleza chenyewe.

Hakucheka, na yeye hucheka kila kitu. Alifunika sombe yake, akajifuta mikono.

"Bon, ndugu yangu," akasema. "Tangu nikujue unanililia kwamba mzee hakuachii umalize sentensi. Sasa amekuachia. Wewe unangoja nani aje akukate?"