Gesi Inayolala Chini

Mume wangu alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma. Karakana yake ilikuwa chini ya nyumba yetu huko Kadutu, mjini Bukavu, chumba kilichochimbwa ndani ya mlima. Kilikuwa na mlango mmoja tu, na ukiingia ulishuka vidato kadhaa ndipo ufike sakafuni. Juu tulilala sisi, chini yeye alitengeneza milango ya magari iliyoliwa na kutu. Miaka ile ya Zaïre magari mapya yalikuwa haba, na yale ya zamani yalirudi kwake kila mara.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, mashine yake ikaungua. Akaenda kutafuta nyingine kwa mtu aliyekuwa akifunga gereji yake, nami nikamfuata. Zilibaki mashine mbili. Moja ilikuwa ya bageti, vile vijiti vya kuchomea alivyovizoea. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ina roda ya uzi wa chuma, na nyuma yake imesimamishwa chupa ndefu ya gesi.

"Papa, ya bageti unaijua," muuzaji alisema. "Bati ya mulango ikiwa nyembamba, inatoboka. Hii ingine njo MIG. Uzi unatokaka wenyewe, gaz inafunika moto. Haitoboke."

Akaijaribu mbele yetu kwenye kipande cha bati. Mstari ulitoka laini kama mshono wa fundi nguo. Mume wangu aliutazama kwa macho ambayo sikumbuki kama aliwahi kunitazama nayo mimi.

"Adui yake njo upepo," muuzaji aliendelea. "Upepo ikipita, gaz inakimbia, mushono ya soudure inakuwa matundu-matundu. Mufungake mulango."

"Ni gesi gani?" nikauliza.

"Carbonique, maman. Inatokaka kule wanapikaka bia. Hapana ogopa, haiwakake moto."

Jina hilo nilikuwa nimeshalisikia.

Ndugu yangu mdogo, aliyenifuata kuzaliwa, alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Aliwanunua Kalehe na Minova, akawauza Bukavu. Asubuhi moja, mbele ya Minova kuelekea Goma, mbuzi wake mmoja alishuka kwenye shimo la mawe meusi kula majani. Akashuka kumtoa. Waliwakuta wote wawili wamelala, mkono wake uko juu ya mgongo wa mbuzi, bila jeraha, bila damu. Wenyeji hawakushangaa. Mashimo ya namna hiyo wanayaita mazuku. Walituambia kwamba kabla ya kumchukua waliteremsha taa ya petroli kwa kamba, ikazimika, wakangoja hadi upepo uvume. Muuguzi wa pale alitueleza kwamba gaz carbonique inatoka ardhini, ni nzito, inalala chini kama maji. Mtu aliyesimama anaweza kupona. Akiinama, amekwisha.

Na mume wangu alifanya kazi amechuchumaa. Mlango wa gari aliulaza juu ya matofali, uso wake ukawa karibu na sakafu.

Njiani nikamkumbusha shimo lile.

"Mama, ile inatoka mu udongo. Hii inatoka mu chupa."

"Lakini jina iko moja."

"Ata wewe na mama yangu muko na jina moja, na yeye hanipigiake kelele."

Alicheka peke yake, lakini si kwa muda mrefu. Yeye pia alimpenda sana ndugu yangu.

Muuzaji alikuwa amekubali tuijaribu kwanza nyumbani. Mume wangu akafanya kazi mlango umefungwa, na mimi nikakaa nje na sinia la maharage. Mashine ilitoa sauti kama mafuta yanayokaanga. Sauti hiyo ilinituliza. Iliponyamaza, niliita.

"Papa!"

"Niko!"

Baada ya kitambo ikanyamaza tena.

"Papa!"

"Niko, mama! Sijakufa bado. Nikikufa nitakuambia."

Jirani yangu aliyekuwa anaanika nguo alinicheka. "Weye unamuchunga kama maziwa ku moto. Unaogopa atamwangika?"

Nami nikacheka ili asione. Sikuwa na elimu ya kubishana na mtu yeyote. Nilikuwa na woga tu, na woga hauna maneno mengi.

Jumapili tulifunga karakana, tukaenda kanisani, mvua ikanyesha hadi jioni. Jumatatu asubuhi aliamka mapema, mteja alikuwa akimngoja. Nikamtangulia mlangoni na taa ndogo ya petroli niliyoifunga kwa waya.

"Sasa hii ni nini?"

"Uniache niiteremshe. Nikishaona, sitakuita tena."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi fanya mbio."

Nilisimama kidato cha juu, nikaiteremsha polepole. Ilipobaki kimo cha magoti kufika sakafuni, mwali ulipungua, ukazimika.

"Upepo," akasema.

Akachukua taa mkononi mwangu, akaiwasha, akaiteremsha mwenyewe. Ikazimika. Sikusikia upepo wowote, ingawa siwezi kuapa kwamba haukuwapo. Nyundo yake ilikuwa sakafuni karibu na chupa, mahali alipoiacha Jumamosi. Aliitazama kwa muda, kisha akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa kifua changu. Nilisikia moyo wake unavyopiga.

Tuliacha mlango wazi mpaka jua lilipokuwa kali, tukipepea kwa gunia. Taa ilipowaka hadi chini ndipo akaingia, pumzi ameizuia. Bomba la chupa halikuwa limefungwa sawasawa. Lilikuwa likitoa gesi kidogo kidogo, bila harufu.

Mchana uleule tuliirudisha kwa mkokoteni. Muuzaji alitusikiliza, akatikisa kichwa.

"Lakini papa, mashine haina kosa. Mulisahau kufunga robinet ya chupa."

"Nilisahau," mume wangu akasema.

"Basi ungefunga muzuri tu, ungebaki nayo. Kwa milango hautapata ingine kama hii."

"Najua. Lakini mimi iko muntu wa kusahau. Nitasahau tena."

Akaiendea ile ya bageti, akaikagua nyaya zake moja moja.

"Hii itakutobolea bati," muuzaji akamkumbusha.

"Itoboe."

Kisha akanigeukia, akaniomba nishike upande wa pili tuipakie.