Kaburi la Hana Maskati

Nilikwenda Maskati kupeleka udongo. Dada yangu mdogo, Hana, alikuwa amefariki huko alikokuwa akifanya kazi za nyumbani, na Mama alitaka kifuko cha udongo wa Yerusalemu, alichopewa zamani na mgeni, kifike kaburini kwake. Sisi ni Wayahudi, wachache tu, wakulima wa viazi Nyandarua. Najua mnacheka, tumezoea. Tunaamini Mungu ni mmoja, tunaishika Sabato, na tunangoja siku ambayo wafu watafufuliwa na kurudi Yerusalemu, mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga. Ndiyo maana kwetu mtu huzikwa miguu ikielekea huko, ili akiamka asiulize njia.

Sheria yetu pia haitaki maiti angojeshwe. Kwa hiyo matajiri wake walipotupigia simu, tuliwaambia wamzike bila kutusubiri. Nilikuwa naenda kumwaga udongo na kuangalia alivyolazwa.

Asubuhi ya kuondoka, Mama alinishika mkono wa koti langoni. "Uangalie miguu yake," alisema. "Mengine mwachie Mungu." Kwenye ndege waliniletea chakula nikakirudisha kama kilivyo.

Maskati, nilipokewa na Salim, mtoto wa ile familia, mtu mzima mwenye mvi. Tulipita barabara pana hadi nyumbani kwao, mtaa wa Khuwair ya Kusini, madirisha yamefungwa, kipoza hewa kinavuma. Aliniuliza kama nimechoka, nikasema hapana.

Mama yake, Bibi Zuwena, mzaliwa wa Unguja, alikuwa amekaa sebuleni na birika la kahawa. Alinitazama akaanza kulia kabla sijamsalimu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefanana naye khasa." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Jumamosi yeye hapiki, basi sote twala kiporo. Mpaka leo Jumamosi twala kiporo, na mwenyewe hayupo."

Alinipeleka chumbani kwa Hana. Ukuta mmoja ulikuwa na kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe kwa herufi zetu: Sikia, Israeli.

"Akisali ukuta huo," alisema Bibi. "Nami mkeka wangu huu hapa, nimeelekea huku. Nikimwambia, Hana, tumepishana mabega lakini twamwita Mmoja. Akicheka. Alinieleza kuwa nyie mnalazwa miguu huko mnakosalia. Siku ya kuzika nikamwambia Salim, nnakuusia, mlaze dada yako anavyotaka."

Nilimbusu mkono. Nilishukuru kwa moyo wangu wote, na hiyo ndiyo saa pekee ya safari nzima niliyokuwa na amani.

Alasiri Salim alinipeleka kwenye makaburi ya wageni, chini ya milima mikavu isiyo na hata jani. Makaburi yote yalikuwa kwenye mistari, isipokuwa moja lililokatiza, la Hana.

"Wachimbaji walikataa," Salim alisema. "Nikawabembeleza mpaka wakakubali."

Kaburi halifukuliwi, kwa hiyo nilimwaga udongo wa Mama juu ya kokoto, upande wa kichwani. Kadishi, sala yetu ya msiba, inataka watu kumi, nami nilikuwa peke yangu. Nikasema angalau nisimame niuelekee Yerusalemu. Kwa kuwa nilikuwa ugenini, nikafungua ramani kwenye simu.

Niliigeuza simu. Nikaizima, nikaiwasha tena. Yerusalemu haukuwa miguuni pa Hana. Ulikuwa mkono wake wa kushoto, kule jua linakozama, karibu sana na upande ambao Bibi Zuwena hutandika mkeka wake. Kwetu Nyandarua Yerusalemu ni kaskazini. Hata mtoto anajua, huoneshwa mlima na kuambiwa ni nyuma ya ule. Hana aliondoka na kaskazini yake, akasali akiielekea hapo Maskati miaka yote, na sasa amelazwa nayo. Siku hiyo ikifika atasimama na kuanza kutembea, na mbele yake kuna bahari.

"Tumekosea?" Salim aliuliza. Alikuwa ameuona uso wangu.

"Hapana," nilisema. "Mmefanya kama alivyotaka."

Sikusali. Nilikaa juu ya kokoto mpaka akanishika bega.

Njia nzima ya kurudi nilimtafuta wa kumlaumu nikamkosa. Hilo ndilo nililojifunza, nami nisingependa mtu mwingine alijue: kwamba wote mnaweza kumpenda mtu, mkamtii neno kwa neno, na bado mkampoteza.

Mama alikuwa langoni. Hakuuliza habari za safari.

"Miguu yake?"

"Kaskazini, Mama."

Alifumba macho, akainua uso kuelekea ule mlima wetu.

"Basi hatapotea," alisema. "Hebu niambie tena."

Nikamwambia tena.