Karavani Iliyokatikia Njia ya Lusangi

Fundi anachomelea mlango wa duka langu, na harufu ya chuma cha moto inanirudisha kwenye karavani ya baba. Ilikuwa kijumba cha mabati chenye magurudumu, kilichoachwa na mainjinia wa barabara. Kila aliporudi kutoka machimbo ya Salamabila, baba alikichomelea na kukitengeneza, ili msimu wa kuvuna mpunga tulale sote pamoja shambani, Lusangi.

Siku ya safari tulikodi lori likivute. Kwenye mlima wa kwanza ekseli ikakatika. Dereva akafungua mnyororo, akaenda zake. Baba akakaa vumbini, mikono imejaa makovu ya moto.

"Imekufa," akasema. "Turudi nyumbani."

Mama, mtoto mgongoni, alikuwa amechoka kama baba. Akashusha sufuria.

"Si tulitaka kulala pamoja? Tutalala hapa."

Wapita njia wa baiskeli, wakituona tumeketi chini kando ya barabara, walituuliza kama tumefiwa. Baba aliingia ndani kukagua sakafu, akapitiwa na usingizi, miguu ikitokeza mlangoni. Nilitaka kumwamsha ale.

"Mwache," mama akanong'ona. "Kesho anarudi machimboni."

Tukala wali kimya kimya, tukizuia hata vijiko visigonge sahani.